Kundi la Jumamosi: mwongozo kamili wa kufundisha stadi za kijamii kwa vijana wenye usonji na ADHD

Kijana mmoja wa kundi letu, miaka 15, aliwahi kusimama juani nje ya Soko la Majengo kwa zaidi ya saa nzima. Mwenzake alimwambia "nakuja" huku akiondoka, naye akasubiri. Darasani kijana huyu anapiga hesabu kuliko wenzake wote. Ila hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kwetu mtu anayesema "nakuja" akiwa amekupa mgongo anaaga, na huenda usimwone tena mpaka kesho. Wewe na mimi hatukufundishwa hilo. Tuliliokota njiani, pamoja na mambo mengine chungu nzima ya kuishi na watu.

Vijana wenye usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya kuzaliwa nayo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuwaelewa wengine) hawayaokoti hivyo. Wenye ulemavu wa akili huyaokota machache na kwa kuchelewa. Na wale wenye tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo kwenye cheti cha hospitali huandikwa ADHD, huyaokota yote lakini yakawaponyoka dakika ileile wanapoyahitaji. Kazi ya kundi la stadi za kijamii ni kuzitamka kanuni ambazo sisi wengine hatuzitamki, kisha kuzifanyia mazoezi mpaka zizoeleke.

Ninaandika nikiwa mwalimu wa elimu maalumu ninayeendesha kundi kama hilo hapa Dodoma, na ninamwandikia mzazi, mwalimu au mlezi wa vijana kanisani au msikitini anayetaka kuanzisha la kwake. Huhitaji jengo wala mfadhili. Unahitaji chumba, kadi za manila, daftari, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Mjue kijana kabla hujamfundisha

Anza na mwili. Kijana asiyeitika salamu huenda hasikii vizuri, kwa hiyo akapimwe masikio kwanza. Uliza kuhusu kifafa, maana huambatana na usonji na ulemavu wa akili mara nyingi kuliko kwa vijana wengine. Kuna kifafa kisichoangusha mtu: kijana huduwaa kwa sekunde chache tu kisha huendelea, na wanaomzunguka hudhani anawapuuza. Uliza pia anavyolala. Aliyekesha hafundishiki.

Kama hajawahi kuonwa na wataalamu, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Benjamin Mkapa au Mirembe. Najua jina la Mirembe linawatisha wazazi wengi, kwa sababu mitaani limegeuzwa kuwa tusi. Nenda tu. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwenda kule hakumfanyi mwanao kuwa kichaa. Afisa elimu maalumu wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii nao watakuelekeza. Lakini kundi lisisubiri cheti. Kijana asiye na rafiki anaweza kuanza kujifunza Jumamosi hii, na majibu ya hospitali yakamkuta njiani.

Kisha jiulize swali ambalo naliona kuu kuliko yote: kijana huyu haijui kanuni, au anaijua lakini inamponyoka, au anaijua na anaiweza ila anaogopa? Kutambua yuko kundi gani ni rahisi. Muulize faraghani: "Mtu akiwa anaongea na wewe una neno, unafanyaje?" Asiyejua atakutazama tu, au atakupa jibu la ajabu. Yule ambaye kanuni humponyoka atakujibu vizuri kabisa, kisha akukatize kabla hujamaliza swali la pili. Mwenye hofu atajibu kwa sauti ya chini, na akiwa na mdogo wake nyumbani anaifanya bila shida. Wa kwanza anahitaji kufundishwa, wa pili kukumbushwa papo kwa papo, na wa tatu kuzoeshwa polepole. Ukiwapa wote somo moja utamchosha mmoja na kumtisha mwingine.

Mwisho, muulize mwenyewe anataka nini. Wazazi wataleta orodha ndefu: amwangalie mtu machoni, aache kupepea mikono, awe mchangamfu. Vijana hutaka vitu vidogo na vya wazi. Mmoja aliniambia anataka mtu wa kwenda naye uwanja wa Jamhuri kuiangalia Dodoma Jiji. Mwingine alitaka asichekwe kwenye daladala. Binti mmoja alisema hataki marafiki wengi, anataka mmoja. Anzia hapo.

Na kuhusu kupepea mikono au kujitikisa: kama hakumuumizi yeye wala mtu, kuache. Humtuliza. Kijana anayetumia nguvu zake zote kujizuia asionekane tofauti hurudi nyumbani amechoka hoi na hasira zikamwishia mama yake. Damian Milton, msomi wa Uingereza mwenye usonji yeye mwenyewe, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: huyu hamwelewi yule, na yule pia hamwelewi huyu. Mimi hulikumbuka hilo kila ninapopanga somo. Ndiyo maana katika kundi letu wamo pia vijana wawili wasio na changamoto yoyote, ndugu au jirani, nao wana yao ya kujifunza: kusema wazi, kusubiri jibu, kutocheka.

Hatua ya 2: Kundi, mahali na siku

Vijana sita hadi wanane, wasiopishana sana umri. Usichanganye wa miaka 12 na wa 20. Wasimamizi wawili, mmoja afundishe na mwingine atoke nje na kijana akizidiwa. Dakika 90 mara moja kwa wiki, wiki 12 hadi 14. Hatukubuni kipimo hicho sisi. Mpango uliotengenezwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika mwongozo wake wa kwanza kwa vijana una vipindi 14 vya dakika 90, na wazazi wakifundishwa muda uleule chumba cha pili. Jambo la wazazi nalirudia chini, maana ndilo linalopuuzwa.

Asubuhi ni bora, kabla bati halijapata moto. Epuka chumba kilicho jirani na kwaya au mashine ya kusaga. Jumamosi inatufaa sisi, ila familia nyingine huwa mnadani Msalato siku hiyo, na Wasabato wako ibadani. Waulize wazazi kwanza.

Hatua ya 3: Namna somo moja linavyokwenda

Ubaoni andika ratiba ya siku, na kila kipengele kikiisha kifute. Kijana anayejua kinachofuata hutulia.

Dakika 15 za mwanzo ni za kusikiliza zoezi la nyumbani: kila mmoja alijaribu wapi, kikatokea nini. Dakika 20 zinazofuata ni kanuni mpya, moja tu, imevunjwa hatua tatu hadi tano. Wasimamizi mnaigiza kwanza vibaya, kisha vizuri. Vijana hupenda sana igizo baya, nalo hufundisha kuliko maneno. Baada yake uliza: "Huyu mwingine alijisikiaje? Atataka kuongea naye tena?" Kisha vijana waigize wawili wawili kwa nusu saa. Hapo sahihisha jambo moja tu kwa kila kijana, na kabla ya kusahihisha taja kwa jina alichofanya vizuri. Neno "vizuri" peke yake halimwambii kitu. "Umengoja mpaka nikamaliza sentensi" linamwambia. Muda unaobaki wacheze bao, drafti au karata. Msidhani hapo somo limekwisha: kungoja zamu, kushindwa bila kupindua ubao, kumpongeza aliyeshinda, vyote vimo mle. Kila mmoja aondoke na kadi ndogo yenye hatua za siku. Kwa asiyesoma, chora.

Hatua ya 4: Anza na salamu, na usiwe na haraka

Vitabu vingi vya nje husisitiza kumwangalia mtu machoni. Huku kwetu ukimfundisha hivyo umemtafutia matatizo. Kijana anayemkazia mzee macho ataambiwa anamkodolea, hana adabu. Sisi hufundisha kugeuza mabega na uso kuelekea kwa anayeongea, na kutazama mkono wake au paji la uso. Hilo linatosha kwa mzee, na linatosha kwa kijana ambaye macho ya watu humuumiza.

Salamu yenyewe inatuchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kijana mwenye usonji hupenda kanuni isiyobadilika, na salamu zetu hubadilika kwa kila mtu. Kwa hiyo tumezichora kwenye manila kubwa:

Mtu wa umri wa mama au baba yako na kuendelea, mwalimu, kiongozi wa dini: "Shikamoo." Subiri "marahaba." Usiende mbele ya hapo mpaka aulize.

Rika lako: "Mambo?" Jibu "poa." Ukiulizwa "vipi?" jibu "safi" au "poa." Hapa ndipo wanapokwama. Kijana mmoja akiulizwa "mambo?" alikuwa akieleza mambo: tumbo lilivyomsumbua, mbwa wa jirani, mtihani wa Jumatano. Tulimwambia wazi kwamba swali hilo mtaani halisubiri habari. Anayetaka habari kweli husimama, na huuliza mara ya pili kwa swali jingine.

Aliyekuzidi kidogo, hujui umri wake: "Habari za kazi?" au "Habari za asubuhi, kaka?" Hii haikosei.

Wengi kwa pamoja: "Habari zenu?" Mara moja tu, kwa wote. Tulikuwa na binti aliyekuwa akimpa mkono kila mtu kwenye mkutano wa watu arobaini.

Bibi aliyekuja mjini kutoka kijijini na anaongea Kigogo: "Mbukwa." Kwa wengi: "Mbukwenyi." Usipuuze hili. Hapa Dodoma neno hilo likitoka kinywani mwa kijana hufungua uso wa bibi papo hapo, na kijana aliyezoea kukaripiwa akiona uso umefunguka kwa sababu yake, umepata mwanafunzi.

Ongezeni za dini kufuatana na familia: "Asalaam alaikum" na jibu lake, "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina," "Bwana asifiwe" na "Amen." Kila kijana ajue za kwao na namna ya kuitika za jirani.

Zoezi la nyumbani la wiki ya kwanza: asalimie watu watatu kila siku, mzazi akiwa karibu lakini asimtangulie kusema "msalimie anti." Wiki ya pili mzazi akae mbali.

Hatua ya 5: Maneno yasemayo hili yakimaanisha lile

Somo hili sijaliona kwenye mpango wowote wa nje, na kwa maoni yangu ndilo vijana wetu wanalolihitaji kuliko jingine. Mpe kila kijana daftari la "maneno ya mtaani." Kila wiki alete neno moja lililomchanganya, mlitafute pamoja.

"Nakuja" tumekwisha kuliona. Kanuni: tazama miguu. Miguu ikienda mbali, anaaga, muulize, "Nikusubiri au niendelee?"

"Sasa hivi" huweza kuwa dakika mbili au saa mbili. Kwa kijana anayeishi kwa saa ya mkononi hili ni mateso. Tunamfundisha kusema, "Niambie saa ngapi ili nijipange," na kuwa na cha kufanya akisubiri.

"Karibu tule." Ukipita na watu wanakula, watakukaribisha hata kama sahani ni moja. Karibu ya kwanza ni heshima. Jibu: "Asanteni, endeleeni." Wakikukaribisha tena na mtu akisogea kukupa nafasi, au akanawisha mikono yako, hiyo ni karibu ya kweli: kaa, kula kidogo. Tumeigiza hili mara nyingi kuliko jambo lolote, kwa wali halisi, na wanalipenda.

Kisha utani. Binti mmoja wa miaka 13 alikataa kwenda likizo kijijini kwa babu yake, na ilichukua muda mrefu kupata sababu: babu humwita "mke wangu." Kila mtoto wa kwao huitwa hivyo na hucheka. Yeye alidhani ameozwa. Tulipomweleza kwamba babu na mjukuu ni watani, na tukampa jibu ("Mume gani huna meno!"), alikwenda, na babu alifurahi kuliko wote. Nikamwongezea jambo la pili palepale, nawe usiliache: utani ni wa maneno. Mtu yeyote, hata babu, akitaka kukugusa sehemu zinazofichwa na nguo, au akikuambia usimwambie mama, huo umekoma kuwa utani.

Kutofautisha utani na uonevu, sisi hutumia maswali manne. Anayenitania ni mtu ambaye siku nyingine hunitendea wema? Nami naruhusiwa kumtania? Nikisema "basi," anaacha? Mimi na waliosimama pembeni tunacheka pamoja? "Hapana" moja tu inatosha kwenda kumwambia mtu mzima.

Hatua ya 6: Nenda nao sokoni

Kijana anaweza kufaulu kila kitu chumbani na kushindwa vyote barabarani. Majaribio mengi ya mafunzo haya yanaonyesha kwamba ujuzi wa kanuni hupanda haraka, na urafiki na mazoea ya kila siku hufuata kwa shida. Dawa ninayoijua ni kuhamishia somo mahali linapotumika, mapema, kuanzia wiki ya tano.

Wiki moja kabla, nenda mwenyewe Majengo au Sabasaba. Tafuta wauzaji wawili au watatu wapole, nunua kwao, kisha waeleze: "Mama, nitakuja na vijana wangu wanaojifunza kununua. Naomba umpe muda wa kujibu, na usinigeukie mimi." Sijawahi kukataliwa.

Siku yenyewe nenda saa mbili asubuhi, kabla spika za matangazo hazijapamba moto. Niliwahi kuwapeleka wote wanane kwa pamoja saa tano. Mmoja akazidiwa na kelele, akakimbilia barabarani, na tulimshika ukingoni mwa lami. Tangu siku hiyo tunakwenda wawili wawili, kila wawili na msimamizi wao, na kila kijana anajua mahali pa kukimbilia: kibanda cha mama mmoja mwenye kiti kivulini.

Mpe kila mmoja shilingi 2,000 na kadi hii:

1. Kama kuna mteja, simama pembeni, ungoje.
2. Salimia.
3. "Fungu shilingi ngapi?"
4. "Punguza kidogo, mama." Mara moja, au mbili. Akikataa, nunua au sema: "Asante, ngoja nizunguke kwanza."
5. Lipa. Hesabu chenji kabla hujaondoka.
6. "Asante."

Wakumbushe kwamba muuzaji akiita "mchumba, njoo ununue" anatafuta wateja tu. Na kwamba vocha na nauli hazipunguzwi bei. Kijana mmoja alimbembeleza konda mpaka tukateremshwa.

Baada ya soko, daladala: kungoja wanaoshuka, kumpisha mjamzito na mzee, kusema "shusha" kabla ya kituo na kwa sauti inayofika kwa konda. Kwa wenye hofu, panda ngazi ndogo ndogo: leo tunasimama kituoni tu, wiki ijayo kituo kimoja, kisha vitatu, kisha peke yake mzazi akimsubiri mwisho wa safari.

Hatua ya 7: Kwa wenye ADHD, punguza hotuba

Huyu ukimuuliza kanuni ataikariri neno kwa neno. Kumrudishia somo ni kumchosha yeye na kujichosha wewe. Msaada wake uwe pale pale tendo linapotokea. Kubalianeni ishara: mimi nagusa sikio, maana yake "ngoja zamu." Mpe kazi ya mwili, kama kugawa kadi, kufuta ubao au kuchota maji. Igizo lake liwe fupi, majibu yako yawe ya papo hapo, na sifa zizidi masahihisho. Kama hospitali imempa dawa, panga somo muda ambao dawa inafanya kazi, na usimwambie mzazi aiache kwa sababu "siku hizi ametulia." Hilo ni la daktari.

Mabinti wenye ADHD na wenye usonji husahaulika. Anakaa nyuma, kimya, watu wanasema ni mpole. Muulize kama ana mtu wa kula naye mapumziko.

Hatua ya 8: Akizidiwa

Dalili huja kabla: anaziba masikio, anarudia neno moja, anazunguka, au ananyamaza ghafla. Ukiziona, mtoe nje hapo hapo. Zikikupita na akalipuka, kumbuka kwamba wakati ule hawezi kusikia mawaidha. Punguza maneno yako mpaka yabaki matatu: "Uko salama. Kaa." Ondoa watu. Mpe maji na kivuli. Usimshike isipokuwa anaelekea kuumia. Mpe nusu saa, hata zaidi, na maswali yasubiri kesho.

Watu watakuja na mapenzi yao. Kanisani watamzunguka na kuanza kumwombea kwa sauti kubwa, na kelele hizo humzidishia. Waambie kwa upole: "Asanteni sana. Naomba tumwombee kwa sauti ya chini, tukiwa pale mbali kidogo." Wengi huelewa. Atakayeleta fimbo, mzuie. Fimbo humfundisha kukuogopa, na kelele zitamzidi tena wiki ijayo vilevile.

Hatua ya 9: Mfundishe kukataa

Tumewalea watoto wetu kutii wakubwa, na kijana mwenye usonji hutii kama alivyoambiwa, bila kuchagua. Huyo ndiye anayefuatwa na wabaya. Kwa hiyo mzazi asimame mbele ya kundi aseme kwa sauti: "Mwanangu, nakuruhusu kumkatalia mtu mzima akitaka ufanye kitu cha siri." Wengine hulia wakilisema.

Tunaigiza sentensi moja mpaka inatoka yenyewe: "Hapana, nitamuuliza mama kwanza." Inatumika kwa anayekopa elfu mbili kila Ijumaa na hajawahi kurudisha. Inatumika kwa rafiki mpya anayemtuma kubeba mfuko asioujua. Inatumika kwa ule ujumbe wa simu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Vijana wetu wawili waliwahi kutuma kweli, kwa sababu waliombwa. Namba ya siri ya simu haitajwi kwa yeyote, hata anayejiita wakala.

Awe na kadi mfukoni: "Nina usonji. Ongea nami taratibu. Piga simu hii," na namba ya mzazi. Akisimamishwa na askari aionyeshe, mikono ikionekana, asikimbie. Kukitokea unyanyasaji, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na kwa watoto namba 116 ni ya bure. Ziwe ukutani.

Hatua ya 10: Wazazi wakae darasani nao

Wakati vijana wanajifunza, wazazi wakutane upande wa pili na msimamizi au mzazi mzoefu. Wafundishwe kanuni ileile ya siku hiyo, na zoezi la nyumbani litoke kwao. Kundi letu la kwanza halikuwa na hili. Wazazi waliwaacha mlangoni na kuwachukua saa sita, na kufikia wiki ya nne kadi zote zilikuwa zimepotea.

Ninachowaomba ni kidogo. Mtume kila siku, dukani au kwa jirani, hata kama ungefika haraka zaidi mwenyewe. Mtu akimuuliza jina, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumjibia. Mtafutie shughuli yenye kitu anachokipenda, maana urafiki wa vijana hawa huanzia kwenye kitu: mabasi, zabibu, njia za treni ya SGR, ligi. Kijana wetu mmoja anajua ratiba nzima ya treni. Tulimkutanisha na mwingine anayechora injini, na nyumba mbili zikapata wageni. Na mwalimu akisema mtoto huyu hana nafasi shuleni, mzazi aikumbuke Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto huyo haki ya elimu, na aende kwa afisa elimu, kwa utulivu, karatasi mkononi.

Hatua ya 11: Hesabu

Wiki moja kabla ya kuanza, mzazi achague tendo moja linalohesabika na alihesabu. Kwa mfano: katika watu kumi aliokutana nao, alianza salamu mara ngapi? Mbili. Hesabu tena wiki ya sita, ya kumi na mbili, na miezi mitatu baada ya kundi kuisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Kisha muulize kijana mwenyewe maswali mawili: wiki hii uliongea na nani asiye ndugu yako? Ulirudi nyumbani umechoka kiasi gani? Salamu zikipanda na uchovu nao ukapanda, unamsukuma sana. Punguza.

Wiki ya mwisho usifunge kundi kwa sherehe na vyeti peke yake. Wape siku, saa na mahali pa kukutana wenyewe. Wa kwetu wamechagua Nyerere Square, Jumapili saa kumi jioni. Huja wanne. Mara ya kwanza nilikaa benchi la hatua ishirini kutoka kwao, mara ya pili nikakaa ng'ambo ya barabara. Mara ya tatu nilibaki nyumbani na simu mkononi, na haikulia.